DaVinci Resolve ya bure kwa mhariri wa Busia: uzoefu wangu

Mhariri wa video anayenunua intaneti kwa bando, tena mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, hujiuliza jambo moja kabla ya yote: bando likiisha, programu hii itaendelea kufanya kazi? Mimi naediti harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya harusi), mazishi na nyimbo za kwaya hapa Busia, upande wa Uganda, na wateja wangu wako pande zote mbili za mpaka. Nimepitia programu kadhaa. Iliyobaki kwenye laptopu yangu ni DaVinci Resolve, toleo la bure, na nitaeleza sababu zangu pamoja na mahali inapokwama.

Resolve hutengenezwa na Blackmagic Design, kampuni ya Australia. Waliinunua da Vinci mwaka 2009, wakati jina hilo lilikuwa la mitambo ya kurekebisha rangi iliyokaa kwenye studio za wenye fedha tu. Leo unajaza fomu fupi kwenye tovuti yao, unapakua faili la zaidi ya GB 2, unasakinisha, basi. Hakuna ada ya mwezi, hakuna nembo inayobandikwa juu ya video yako ukitumia vitu vya toleo la bure, wala haikulazimishi kurudi mtandaoni kuthibitisha chochote. Programu za kulipia kila mwezi zinataka kadi ya benki na dola, na mapato ya harusi hayaji kila mwezi. Kuna miezi ya Kwaresima na Ramadhani ambapo simu hailii kabisa.

Umeme nao. Resolve huhifadhi kazi yenyewe kila unapofanya badiliko, na mpangilio huo unakuja ukiwa umewashwa tayari. Kwetu hili lina thamani kuliko madoido yote. Taa zikizimika na betri ya laptopu ikiwa imechoka, unarudi baadaye na kukuta klipu ulipoziacha. Jambo moja tu ulijue: miradi yako haikai kama faili la kawaida kwenye folda, inakaa ndani ya hifadhidata ya programu. Kwa hiyo kila jioni toa nakala ya mradi uiweke kwenye diski ya pembeni. Ukipiga fomati laptopu bila kufanya hivyo, video za kamera utakuwa nazo lakini kazi ya kukata na kupanga itakuwa imeondoka.

Sasa uzito wake. Watengenezaji wanapendekeza RAM ya GB 16, na GB 32 ukitaka kutumia sehemu ya madoido inayoitwa Fusion. Laptopu yangu ina 16, ni ya mkono wa pili, na ina kadi ya grafiki ya wastani. Video za 4K za sherehe ya saa nzima haziwezi kutiririka humo zenyewe. Kinachoniokoa ni proksi. Unachagua klipu zote, unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi, nusu ya ukubwa au robo, kisha unaenda kula. Ukirudi unakata ukitumia hizo nyepesi, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudi yenyewe kwenye zile halisi za kamera. Mteja hapotezi ubora wowote. Vijana wengi wameiacha Resolve wakisema ni nzito, na nikiwauliza kuhusu proksi, hawajawahi kuigusa. Inauma, kwa sababu kifaa kilikuwa mbele yao.

Pale toleo la bure linapobana kweli ni kwenye aina za video. Kamera nyingi mpya hurekodi biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, yaani video zinazobeba taarifa nyingi zaidi za rangi, na kwenye Windows toleo la bure husumbuka na video za namna hiyo. Mimi huzipitisha kwanza kwenye Shutter Encoder, programu nyingine ya bure, nikazigeuza kuwa DNxHR, aina ya video ambayo Resolve huisoma kwa urahisi. Mafaili yanavimba sana, kwa hiyo andaa nafasi ya diski. Video za simu zina ugonjwa wao: kasi ya fremu hupanda na kushuka, na kufikia mwisho wa hotuba ya mzee wa ukoo mdomo na sauti vimeshaachana. HandBrake, ambayo nayo ni bure, inatibu hilo ukichagua kasi ya fremu isiyobadilika.

Na tukiwa kwenye fremu: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ukumbi zitacheza kwenye picha. Kifaa cha kuondoa mchezo huo kipo ndani ya Resolve, lakini ni cha toleo la kulipia. Tena weka 25 kwenye mipangilio ya mradi kabla ya kuingiza klipu yoyote, maana ukishaanza, mradi hautakuruhusu kubadilisha.

Rangi ndiyo sehemu inayonifanya niipende programu hii. Fikiria kwanjula saa nane mchana: wanaume wamevaa kanzu nyeupe, akina mama wamevaa gomesi za kung'aa, nyuso zetu ni nyeusi, na hema la plastiki linamwaga rangi ya buluu juu ya kila mtu. Ukivuta mwanga ili nyuso zionekane, kanzu zinageuka karatasi tupu. Ukishusha kwa ajili ya kanzu, bibi harusi anapotea. Resolve inakupa grafu za kupima mwanga na rangi, hata kwenye toleo la bure, kwa hiyo huhitaji kuamini skrini ya laptopu iliyofifia. Kwenye ile ya mwanga, kipimo kinaanzia 0 hadi 1023, na unaona kwa macho kanzu zikigonga dari. Unashusha sehemu angavu peke yake, kisha unaweka duara juu ya uso, unaunyanyua kidogo, na unaiambia duara imfuate mtu anapotembea. Kwenye ile ya rangi kuna mstari wa ngozi, na mstari huo unafaa kwa ngozi ya Mganda, ya Mhindi na ya Mzungu vilevile, kwa kuwa tofauti yetu iko zaidi kwenye mwanga kuliko kwenye aina ya rangi. Mama mmoja alipomwona binti yake kwenye skrini aliniambia, "Mwanangu, leo umempiga picha akiwa na rangi yake." Sijapata sifa nzuri kuliko hiyo.

Sauti nitaigusa kidogo. Sehemu ya Fairlight inatosha kabisa kusawazisha spika za kanisa na mvua ya mabati. Kwa YouTube lenga LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani). Milio ya bure naichukua kwenye tovuti ya Freesound, lakini soma leseni ya kila mlio, kwa sababu mingine hairuhusu biashara, na harusi ya kulipwa ni biashara.

Kuhusu kujifunza, Blackmagic wameweka vitabu vya mafunzo vya PDF bila malipo, pamoja na klipu za kufanyia mazoezi: kuediti, rangi, sauti, madoido. Mwishoni kuna mtihani wa mtandaoni wa maswali 50, na anayefaulu anapata cheti. Hapa Uganda hili lina uzito wa pekee. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza 2018, iliondolewa Julai 2021 na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Kutazama masomo ya video kutwa ni gharama. PDF unaipakua mara moja, unaiweka kwenye flashi, na kijana anayejifunza anaisoma nyumbani kwao bila bando. Ninachosikitikia ni kwamba vitabu hivyo havina Kiswahili, na programu yenyewe haina. Wanaojifunza kwangu ni wepesi wa mikono na macho, ila nusu ya muda wetu inaishia kwenye kueleza menyu.

Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295, zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda, unalipa mara moja tu. Linaongeza kusafisha chembechembe za picha za usiku, kutenga sauti ya mtu na kelele, na kuzipokea zile video za biti 10 moja kwa moja. Kama unarekodi mikesha na misa za usiku kila wiki, weka akiba ulinunue. Kama kazi yako ni ya mchana na kamera yako ni ya biti 8, nunua RAM na diski kwanza.