Tahadhari: poda ya sakafu ya tanuri, ya mfuko mweupe, ni jipsamu tupu

Wenzangu mnaoyeyusha vioo hapa Dar, akikujia mzee anayeuza poda ya kupaka sakafu ya tanuri, mfuko mweupe usio na chapa, elfu themanini na tano kwa kilo tano, usimtumie hata shilingi mia. Tapeli yule. Ameniingiza mjini mimi niliyezaliwa mjini.

Kwenye tanuri kioo huchomwa juu ya rafu, yaani bamba la kukiwekea. Yangu haipo tena, oda ya sahani za harusi imeshalipiwa nusu, ikabidi nichomee sakafuni moja kwa moja. Na yale matofali mepesi ya sakafu ya tanuri mnayajua: yasipopakwa kitu, kioo kikishalainika kwenye nyuzi 800 kinaingia kwenye vitundu vyake na hakitoki.

Sasa niambieni nani asingemwamini. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, shati limepigwa pasi. Nimemwamkia shikamoo, kaitika "marahaba mwanangu", wala hakukimbilia bei. Kaniuliza kwanza: "Unaunganisha kabisa kwa mia nane, au unalegeza tu kwenye umbo kwa mia sita na hamsini?" Jamani, Dar hii wanaoweza kuuliza swali hilo ni wangapi? Akasema poda yake ni alumina, ile poda nyeupe inayostahimili moto mkali, iliyochanganywa na kaolini ya Pugu, yaani udongo mweupe. Hapo ndipo aliponimaliza, maana mchanganyiko wenyewe ndio huo: alumina inakataa kushikana na kioo, kaolini inaishikilia kwenye tofali. Na kaolini ya Pugu ipo kweli, vilima viko pale njia ya Kisarawe. Uongo wake aliuchimba hapa hapa nyumbani.

Akatoa mkobani kipande cha tofali kilichopakwa, juu yake kioo cha chupa ya kijani, kingo zimeviringika kama zinavyoviringika zikipata moto. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikateleza. "Jaribu na wewe." Nikajaribu, kikateleza. Nikakigeuza, chini kisafi kabisa. Naapa kile kioo kilichomwa kwingine, pale kiliwekwa tu. Nikatoa simu, nikalipa hapo hapo. Wakati ananihesabia mifuko ndipo akaniambia, kwa upole kabisa: "Ukitia maji itapata joto kidogo, usiogope mwanangu. Hiyo ni alumina inaamka."

Alumina inaamka! Mtu na mvi zake!

Nyumbani nikatia maji, ndoo ikapata joto kweli, nikasema aah, mzee alisema. Ikaanza kushika, nikapaka mbio mbio mikono mitano, mmoja wima mmoja mlalo. Ikakauka nyeupe, ngumu, inapendeza. Dari za watu nazo ni nyeupe, ngumu, zinapendeza.

Asubuhi nafungua tanuri: sahani zimeshika chini kama ukoko wa ubwabwa. Ile poda imejikunja magamba, kioo kimeshuka kwenye nyufa kikakumbatia tofali. Mbili zimepasuka zenyewe wakati wa kupoa, kioo kinataka kusinyaa na tofali limekishikilia. Nyingine nilizitoa kwa patasi, kila moja ikaondoka na kipande cha sakafu, mashimo ya kuingia pingili ya kidole. Waya za kupasha moto tu ndizo zimepona.

Fundi dari wa jirani alipita, akagonga bonge lililobaki kwenye ndoo, akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, hii si jipsamu ya kuzibia maungio?" Sasa mtaa mzima jina langu ni Alumina. Watoto wananisalimia hivyo nikitoka dukani. Na bibi harusi anataka hela yake, ana haki.

Huyu mzee afungwe. Sitaki kusikia habari ya kumsamehe kwa sababu ya umri. Anajua tanuri linauzwa bei gani, anajua nyuzi, anajua Pugu, elimu yote hiyo anaitumia kuwaharibia watu mtaji. Afungwe, na kabla ya kufungwa alazwe kwenye sakafu yangu aone yale mashimo.

Mtaniuliza poda ya kweli utaijuaje. Ya kweli haipati joto na haigandi. Inatuama chini ya ndoo, unaikoroga kila unapochovya brashi, na kesho yake ukiikoroga bado inapakika. Ikikauka unaigusa, kidole kinabaki na vumbi. Halafu yule mzee aliniambia paka mara moja, mwaka mzima hurudii. Muongo! Ikishapigwa mia nane unaikwangua (vaa barakoa, lile vumbi si la kuvuta) unapaka upya. Mengine sasa hivi hayanijii, hasira imejaa kichwani.

Simu yangu hapokei. Ujumbe wa malipo ninao, namba ninayo, ndoo na bonge lake nimeifungia store kama ushahidi. Jumatatu naenda kituoni kufungua kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kama na wewe amekupiga, niandikie pembeni twende pamoja, maana nikienda peke yangu nitaambiwa hilo ni deni la kawaida, tukamalizane nyumbani.