Spika za mtumba za Wharfedale: miezi saba sebuleni kwa Baba, Cheyo, Tabora

Baba yangu ana miaka 79 na masikio yake yamechoka. Alifanya kazi reli hapa Tabora hadi akastaafu, na muziki wake ni wa bendi za nyumbani: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids. Mwaka jana nilimnunulia sabufa mjini, ile yenye boksi kubwa la besi na vispika viwili vidogo. Kwenye katoni wameandika wati 12,000. Alikaa nayo wiki mbili, kisha akaniambia taratibu, kama anayeogopa kuniumiza: "Mwanangu, mie nasikia ngoma tu. Huyu anaimba nini?"

Niliigeuza nikasoma kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Wati 60. Kitu kinachokula wati 60 kwenye soketi kitazitoa wapi hizo 12,000? Nilimrudia muuzaji, akasema hizo ni wati za muziki, na kwamba hela iliyolipwa hairudi. Jina la duka naliacha. Wewe ukienda kununua, anza kusoma mgongo wa mashine.

Lakini hata zingekuwa wati za kweli, tatizo la Baba lisingeisha. Maneno ya wimbo yanatambulika kwa sauti kali ndogondogo, s, f, t, ch, na hizo ndizo masikio ya mzee hupoteza kwanza. Besi ikijaa, inafunika hata kile kidogo kilichobaki. Nilichohitaji ni boksi mbili zinazofanana, kila moja na wufa yake, ile koni kubwa ya besi, na twita yake, kile kidogo cha sauti kali, zisizojisifia kishindo.

Shemeji yangu aliyeko Dar alipata jozi ya Wharfedale Diamond kwa muuza vitu vya kontena Kariakoo. Ni kampuni ya Uingereza, ilianzia Yorkshire mwaka 1932, na hizi Diamond imezitoa kwa matoleo mengi tangu miaka ya 1980. Nilimwomba kwenye simu afanye mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza abonyeze koni ya wufa polepole kwa vidole vilivyotawanyika: ikikwaruza ndani, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua, aiache. Pili asogeze sikio kabisa kwenye twita, maana twita ikifa spika inaendelea kuimba na mnunuzi asiye makini hajui. Zote zilikuwa nzima. Kitambaa cha mbele kimoja kimechanika. Zikaja kwa basi zimeviringishwa blanketi, 240,000 pamoja na nauli. Ampulifaya ndogo, mashine ya kuzisukuma spika, ya wati 50 kila upande nikaipata kwa 95,000. Spika zimeandikwa omu 6, kipimo cha ukinzani wa umeme, na ampulifaya inakubali 4 hadi 8, kwa hiyo zinaelewana.

Usiku wa kwanza nililala na huzuni. Tulizipanga juu ya kabati la vyombo, mgongo umegusa ukuta, na Mama akazifunika vitambaa vyake vizito vya kufuma, kwa sababu nyumbani kwetu kitu kizuri hakikai uchi. Besi ikavuma kama mtungi, glasi zikalia. Ukuta huongeza besi, na kona huiongeza zaidi, hasa spika yenye tundu la hewa nyuma kama hizi. Vitambaa navyo vilikuwa vinameza twita. Asubuhi nikamwomba Mama radhi, nikavitoa, nikazivuta spika mbele. Mvumo ukaisha. Sauti ya mwimbaji, hata hivyo, haikuwa na mahali. Ilielea chumba kizima, mara kushoto, mara nyuma ya kichwa.

Hapo ndipo rekodi za Baba zilipotusaidia. Nyingi katika hizo za zamani ni za mono, yaani spika zote mbili zinapewa kitu kilekile. Ukikaa katikati, mwimbaji anatakiwa asimame katikati, pale ukutani pasipo na spika yoyote. Asiposimama, kuna kitu kimekwenda kinyume. Nilikagua waya mara tatu: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Sawa kabisa.

Nikazipeleka kwa fundi wa redio mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora. Hakuuliza mengi. Alichomoa betri ya tochi, ya volti 1.5, akagusisha waya, chanya kwenye nyekundu. Koni ya spika ya kwanza ikaruka mbele kidogo, tiki. Ya pili ikazama ndani. Nikamwomba arudie, nikainama hadi pua ikakaribia koni: moja inatoka, nyingine inaingia. Zilikuwa zinavutana, huyu anasukuma hewa, mwenzake anainyonya, na besi na sauti ya katikati zinafia njiani. Kuna mtu huko nyuma aliwahi kuifungua ile ya pili akarudisha waya kinyume. Fundi alisema ningeweza kugeuza waya kwa nje tu yakaisha, ila yeye akafungua, akachomelea upya ndani, ili mwingine asije akapotea kama mimi. Elfu tano. Nilimpa kumi.

Stendi alitutengenezea seremala kwa mabaki ya mninga, mbao tuliyojaliwa huku kwetu, sentimita 60 kwenda juu, twita ikafika usawa wa masikio ya Baba akiwa amekaa. Kati ya spika na spika ni mita 1.8, kutoka ukutani sentimita 40, na kiti cha Baba kipo mita 2 kutoka kila moja. Zimeelekezwa ndani kidogo, zinamtazama. Sakafu yetu ni vigae na kuta ni tupu. Ukipiga kofi moja chumba kinajibu. Zulia mbele ya kiti na pazia zito ukutani vilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Jioni hiyo Baba aliweka wimbo ambao ameusikiliza tangu ujana wake. Katikati ya kiitikio akainua mkono, tukanyamaza wote. "Kumbe waitikiaji ni wawili," akasema. "Mmoja yuko nyuma ya mwenzake." Nilitoka nje chini ya mwembe, nikafuta macho, nikarudi.

Kasoro zipo. Besi ya chini kabisa hazina. Mwanangu anayependa singeli anaziona baridi, na kwa sherehe ya uani hazifai kitu. Ampulifaya haina rimoti, kwa hiyo Baba ananiita. Mvua ikipiga bati hapana kinachosikika, ila hilo si kosa la spika. Na ukinunua mtumba hakuna dhamana: omba mtu unayemwamini azisikilize, na aende na betri ya tochi mfukoni.

Kwa 335,000, ukitoa stendi na fundi, nisingechukua kitu kingine. Nimebandika utepe mwekundu sakafuni, miguu minne ya kiti, kwa sababu siku ya kupiga deki kiti kilisogea hatua moja kushoto na Baba akalalamika kwamba mwimbaji amehama.