Neno Linalotuongoza: Mwaka Mmoja wa Ibada za Jumapili za Kilutheri Jijini Dar es Salaam

Watu huandika tathmini za hoteli, za saluni na za mabasi ya mikoani, lakini ibada ya Jumapili, ambayo huchukua saa mbili na pengine tatu za kila wiki ya muumini, ni nadra kutathminiwa, labda kwa hofu ya kuonekana kwamba mtu anampimia Mungu alama. Ninachokipima hapa ni utaratibu ulioandaliwa na wanadamu, yaani kalenda ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na namna inavyotumika usharikani. Nilihamia Dar es Salaam nikitokea Moshi, nikajiunga na usharika mmoja, yaani kanisa la mtaani, ambao sitautaja jina kwa sababu nina malalamiko kadhaa juu yake, na nikaufuata mwaka wa kanisa tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungojea Krismasi, tarehe 3 Desemba 2023, hadi Jumapili ya mwisho, tarehe 24 Novemba 2024. Hizo ni Jumapili 52, nilikosa saba.

Kwa asiyeufahamu utaratibu huu, kiini chake ni kwamba mhubiri hachagui mwenyewe jambo la kuzungumzia. Kalenda humpangia kila Jumapili masomo yake, kwa kawaida Zaburi pamoja na masomo mengine mawili, na juu ya masomo hayo huwekwa kichwa kimoja kifupi ambacho mzee wa kanisa wa zamu hukitangaza mwanzoni kwa maneno yasiyobadilika: "Neno linalotuongoza juma hili ni…" Kichwa hicho hicho husomwa Mbozi, Bukoba na Kariakoo siku moja. Mtu akisafiri Jumamosi usiku akashukia mkoa mwingine, kesho yake anakuta mazungumzo yakiendelea pale alipoyaacha nyumbani, na mimi niliyehama mji nilikuta faraja kubwa katika jambo hilo, kwani kwaya ilikuwa ngeni, mchungaji alikuwa mgeni kwangu, lakini neno lilikuwa lile lile ambalo mama yangu alikuwa akilisikia Moshi asubuhi ile ile. Tulikuwa tukipigiana simu mchana kulinganisha mahubiri, na sitaficha kwamba mara nyingi mhubiri wa Moshi alimshinda wa kwangu.

Majilio ya mwaka ule yalikuwa mafupi kuliko kawaida, kwa kuwa Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba, na hivyo asubuhi tuliambiwa tungoje, kisha jioni ya siku hiyo hiyo tukaimba kwamba amezaliwa. Wajibu wa msimu huu ni kungoja na kutengeneza njia, kama Yohana alivyolia nyikani: "Itengenezeni njia ya Bwana." Kungoja, hata hivyo, ni somo gumu kufundishwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba, wakati kila mtu anawaza tiketi ya basi la kwenda kwao. Kufikia Jumapili ya tatu nusu ya mabenchi yalikuwa wazi, na waliobaki walikuwa wakitazama saa. Krismasi na Epifania, sikukuu ya mamajusi walioifuata nyota, sitazisemea sana, kwani zinajisemea zenyewe, na hakuna usharika unaoshindwa kuimba Krismasi.

Kwaresma ndiyo iliyonishangaza. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 14 Februari 2024, siku ambayo maduka ya Mlimani City yalikuwa yamejaa maua mekundu na vibonzo vya mioyo, na mchungaji wetu, ambaye kwa kawaida si mtu wa mzaha, aliwaambia vijana waliokuja ibada ya jioni kwamba wamechagua vema mahali pa kumpeleka mpendwa. Vitambaa vya madhabahu vilibadilishwa kuwa vya zambarau, na ibada za katikati ya wiki zikaanza. Hizi za Jumatano jioni ni fupi na tulivu, hazina mnada wa sadaka wala matangazo ya dakika arobaini, na kwa maoni yangu ndizo bora kuliko ibada zote ambazo usharika huo unazitoa kwa mwaka mzima. Mtu anayetoka kazini akiwa na vumbi la daladala anaketi, anasomewa sura ya mateso ya Bwana, anaelezwa jambo moja tu la kulifanyia kazi, kisha anakwenda nyumbani. Ilipofika Machi, majirani zetu Waislamu nao walikuwa wameingia katika Ramadhani, na mtaani kwetu kulikuwa na wakati ambapo nyumba tatu kati ya nne zilikuwa zimefunga, kila moja kwa namna yake.

Jumapili za kipindi hiki na za baada ya Pasaka, katika mapokeo ya Kilutheri, zina majina ya Kilatini, mengi yakitokana na maneno ya kwanza ya antifona ya siku, yaani mstari unaoimbwa kufungua ibada: Invocavit, Reminiscere, Oculi, Laetare, Judica. Mzee mmoja wa zamu aliwahi kuitamka Quasimodogeniti kwa mikato sita na kituo cha kupumua katikati. Kuna wanaotaka majina hayo yaachwe, na ninawaelewa, ila yakielezwa yanafungua mlango. Cantate maana yake ni "mwimbieni", nayo inatoka Zaburi ya 98, "Mwimbieni Bwana wimbo mpya", na hapo ndipo muumini anapogundua kwamba kitabu cha nyimbo anachokibeba kwapani tangu kipaimara, yaani Mwimbieni Bwana, kinaitwa kwa maneno ya zaburi hiyo hiyo. Mwaka 2024 Cantate ilikuwa tarehe 28 Aprili, katikati ya zile mvua kubwa, na kwaya ya vijana ilifika sare zikiwa zimelowa hadi magotini. Waliimba hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata, tarehe 5 Mei, ilikuwa Rogate, yaani "ombeni". Siku moja kabla yake kimbunga Hidaya kilikuwa kimefika Mafia, na tangu Ijumaa watu wa pwani walikuwa wakisikiliza taarifa za mamlaka ya hali ya hewa kwa wasiwasi. Mhubiri hakulazimika kutafuta fungu la kufaa, kwa kuwa kalenda, iliyochapwa mwaka uliotangulia na watu wasiojua lolote juu ya kimbunga, ilikuwa imeshampangia kuzungumza juu ya maombi. Huu ndio ubora wa utaratibu huu kama nikitakiwa kuutaja mmoja tu: hauyakimbilii matukio, na kwa sababu hiyo yanapotokea haukutwi mikono mitupu.

Sasa malalamiko. La kwanza ni matangazo. Yanaanza na wageni waliofika kwa cheti cha utambulisho kutoka usharika wao na wasio na cheti, yanapita kwenye ndoa zitakazofungwa, shukrani za familia, zamu za wazee, mapato ya Jumapili iliyopita hadi shilingi ya mwisho, kisha yanaishia kwenye jengo. Daima kuna jengo. Siku moja mwezi wa Agosti nilitazama saa: mahubiri yalichukua dakika 22, matangazo na uhamasishaji wa michango dakika 51. Sipingi michango, kanisa halijengwi kwa upepo, na bahasha yangu yenye namba naipeleka. Lakini neno lililotuongoza asubuhi likizikwa chini ya mifuko ya saruji, msharika anatoka mlangoni akikumbuka deni na amesahau fungu. La pili ni wahubiri wageni wanaosoma masomo ya siku kwa adabu zote, wakafunga Biblia, kisha wakahubiri jambo jingine kabisa walilokuja nalo. Hapo kalenda inakuwa pambo. Na vipaza sauti vya upande wa kushoto vina mvumo ambao umekuwapo tangu nijiunge.

Mnada, kwa upande mwingine, nautetea, ingawa nao unarefusha muda. Wasiokuwa na fedha huleta walichonacho, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje chini ya mwembe. Nilishuhudia trei moja ya mayai ikinunuliwa, ikarudishwa na mnunuzi ili inadiwe tena, ikanunuliwa na mwingine, ikarudishwa tena, mpaka mara ya nne ilipomwangukia bibi mmoja aliyekuwa ametaja elfu tano tu, na watu wote wakanyamaza kwa makusudi ili asipandiwe dau. Bibi akaondoka na mayai yake. Kuhusu upendo kwa jirani sikupata mahubiri yaliyoyazidi hayo mwaka ule.

Kipindi kinachodharauliwa kuliko vyote ni kile cha baada ya sikukuu ya Utatu, Jumapili inayofuata Pentekoste. Mwaka 2024, kwa kuwa Pasaka iliwahi, tarehe 31 Machi, kati ya Utatu na Majilio kulikuwa na Jumapili 26, nusu nzima ya mwaka, na karibu zote kitambaa cha madhabahuni ni kijani. Hakuna nyota wala kaburi tupu. Ukiacha mavuno na Siku ya Matengenezo ya Kanisa mwishoni mwa Oktoba, tunapomkumbuka Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517 na kuvaa nyekundu, ni miezi ya mambo ya kawaida: matumizi ya mali, ulimi, kusamehe, wazazi na watoto, kazi, shukrani. Ndugu zangu wengi huita huu msimu mkavu. Mimi nauona kuwa ndiyo sababu ya kuwa na kalenda, maana mhubiri anayejichagulia mafungu angerudi kila mara kwenye uponyaji na baraka, na hakuna ambaye angejitakia kwa hiari kuhubiri juu ya ulimi mbele ya washarika anaowafahamu kwa majina.

Lakini faida ya miezi hiyo haionekani kanisani. Inaonekana kwenye jumuiya, vile vikundi vidogo vya washarika wanaokaa jirani. Yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa zamu nyumba hadi nyumba, watu kumi hadi kumi na watano juu ya viti vya plastiki. Wiki tuliyosoma mfano wa talanta katika Mathayo 25, kiongozi aliuliza kila mmoja amepewa nini na anakifanyia nini. Waliojibu mwanzo walitaja uimbaji na ukarimu, kama tulivyozoea. Kisha kijana mmoja wa bodaboda, ambaye huja akiwa bado amevaa rifleksta yake, alisema yeye hana kipawa, ana pikipiki ya mkataba na kumbukumbu nzuri ya njia. Mama mwenye nyumba akamwambia, "Mwanangu, si wewe uliyempeleka mke wa jirani yetu hospitali ya Amana usiku wa mvua, maji yamejaa barabara nzima?" Kijana akainamisha kichwa. Akasema ndiyo, alikuwa anazijua njia za juu. Kisha chai ikaletwa, na mihogo ya kuchemsha.

Anayetaka kuujaribu utaratibu huu asingoje Majilio. Aende Julai, ibada ya kwanza, ile ya saa moja asubuhi ambayo matangazo yake hufupishwa ili kuipisha ya pili, aketi upande wa kulia, mbali na kile kipaza sauti.