Makabati ya jikoni ya mtumba kwa gereji ya nyumbani Dodoma: kagua mgongo kabla ya milango

Mnunuzi wa kabati lililotumika huanza na milango. Anaifungua, anaifunga, anasikiliza kama bawaba zinalia, anasifia rangi, halafu anaanza kushusha bei. Kwa kabati litakalosimama sakafuni, sawa. Kwa kabati litakalotundikwa kwenye ukuta wa gereji na kubebeshwa makopo ya rangi, oili na spea za gari, amekagua upande usiobeba kitu. Mzigo unabebwa na mgongo, pembe za juu na ukuta wenyewe. Mlango ukilegea unafunga kwa shida. Mgongo ukiachia, kabati linashukia boneti.

Kwa wauza samani zilizotumika hapa mjini na kwenye minada ya mali chakavu utakutana na aina tatu: kabati la jikoni la chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) lililopakwa melamini, kabati la mbao ngumu lililotengenezwa na seremala wa hapa, na kabati la chuma la ofisini. La chipbodi ndilo jepesi kupatikana kwa seti, maana mtu akibadilisha jiko huuza yote kwa mkupuo. Hilo ndilo tunalolipima kwa kirefu.

Kwanza uzito. Kabati la chipbodi ya milimita 18, lenye upana wa sentimita 60, urefu wa 72 na kina cha 30, shelfu moja na mlango, lina kama kilo 17 likiwa tupu. La upana wa 80 linafika kilo 20. Sasa weka makopo sita ya rangi ya lita 4, kila moja kilo 5 au 6, na madumu mawili ya oili: umeshakaribia kilo 60 kwenye kabati moja, na bado kuna nafasi ya kuweka vitu vingine. Ndoo ya rangi ya lita 20 isiingie humo kabisa, hiyo peke yake inakaribia kilo 30. Mahali pake ni sakafuni.

Lilaze kifudifudi

Mwombe muuzaji alilaze kabati uso chini. Mgongo wa makabati mengi ya aina hii ni hadibodi ya milimita 3 iliyoingizwa kwenye mfereji mwembamba. Kazi yake ni kuzuia vumbi na kulifanya kabati lisipinde, basi. Fundi akipitisha skrubu kwenye hadibodi hiyo moja kwa moja hadi ukutani (wengi hufanya hivyo, na atakuambia "hiyo inashika tu bosi"), kichwa cha skrubu kitaichana taratibu kama kitufe kinavyochana shati. Haidondoki siku ya kwanza. Inadondoka baada ya miezi, usiku, ukiwa umeshasahau.

Angalia pembe mbili za juu kwa ndani. Ukikuta vile vibano vya chuma au plastiki vyenye skrubu za kurekebisha, hilo ni kabati lililotengenezwa kutundikwa, na bei yake inastahili kuwa juu kidogo. Uliza pia kipande cha reli ya chuma ambacho vibano hivyo hudaka. Mara nyingi kimebaki kwenye ukuta wa nyumba lilikotoka, na muuzaji hana habari nacho.

Kisha angalia ukingo wa chini, hasa wa kabati lililokuwa jirani na sinki. Chipbodi ikinywa maji huvimba, na ikikauka hairudi. Pima kwa tepu: milimita 18 zikiwa zimekuwa 20 au zaidi, skrubu za kiungo hicho zimeshika unga. Ubavu mmoja ukiwa hivyo, liache. Kama ni ubao wa chini tu, unaweza kubadilishwa, lakini mpe muuzaji bei ya kabati bovu. Gonga pia mbavu kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini. Sauti ya uwazi ni mchwa walioshakula ndani na kuacha melamini ikisimama. Kwenye kabati la mbao tafuta vitundu vya milimita 1 au 2 vyenye unga mwepesi chini yake, ndio bungua, wadudu wanaotoboa mbao.

Matundu ya bawaba yaliyopanuka yasikutishe, na yatumie kushushia bei. Toboa tundu hilo kwa biti ya milimita 8, pigilia kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi nyeupe ya mbao, kata kikae sawasawa na uso, subiri siku moja, toboa upya kwa biti ya milimita 2. Litashika kuliko lilivyokuwa. Ukanda wa pembeni uliobanduka unarudishwa kwa pasi ya moto juu ya kitambaa, ikiwa gundi yake haijajaa vumbi.

Kabati bovu la mbavu lakini zuri la milango linaweza kununuliwa kwa ajili ya milango. Nje ya hapo, pesa yako ibaki mfukoni.

Ukuta wa Dodoma, na kwa nini lenta

Kuta za gereji nyingi hapa ni tofali za saruji za inchi 5 au 6, au tofali za kuchoma, na plasta juu yake. Ubora wa tofali unategemea mfuko mmoja wa saruji ulitoa tofali ngapi, na hilo mwenye nyumba aliyenunua nyumba iliyokwisha hawezi kulijua kwa macho. Jaribu kwa msumari wa inchi 3 mahali patakapofichwa na kabati. Ukizama kwa mapigo machache na kumwaga mchanga mkavu, tofali hilo halifai kushikilia kabati.

Njia ya uhakika ni kupandisha mashikio (bolti au skrubu za ukutani) hadi kwenye lenta. Kwa nyumba nyingi lenta inaanzia usawa wa juu wa fremu ya mlango, kama mita 2.1 kutoka sakafuni, na inapanda sentimita 15 hadi 20 hivi. Hiyo ni zege yenye nondo. Toboa tundu dogo la majaribio: biti ikienda polepole, ikatoa unga mweupe wa kijivu na kukwaruza kokoto, umefika. Biti ikigoma kabisa na kulia kama chuma kwa chuma, umegusa nondo. Sogea sentimita 3 pembeni. Ukiweka mashikio kwenye usawa wa mita 2.17, kabati la urefu wa sentimita 72, ambalo kichwa chake kinapanda kama sentimita 10 juu ya mashikio, litaishia chini karibu mita 1.55, na boneti ya gari la kawaida inapita chini yake bila shida.

Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi kwa mstari wa wima. Bomba la nyaya limepita humo.

Kwenye lenta, bolti ya kujitanua ya milimita 8 au 10 inafaa sana. Bolti hiyohiyo kwenye tofali la saruji ni kosa, kwa sababu inashika kwa kusukuma pembeni na tofali dhaifu linapasuka. Huko tumia fisha ya plastiki ya milimita 10 (kile kibomba kinachotangulia tunduni ili kishike skrubu) na skrubu nene yenye kichwa cha spana 13, milimita 8 kwa 100, pamoja na washa pana. Urefu wa 100 una sababu: mbao inakula 20, plasta inakula 15 hadi 20, zinabaki 60 ndani ya tofali. Skrubu ya 50 ambayo fundi anayo tayari kwenye mfuko ingeishia kwenye plasta.

Ukitoboa tofali, zima ule mpigo wa nyundo wa drili, toboa kwa kuzungusha tu. Mpigo unapanua tundu na kuacha fisha ikizunguka. Toboa milimita 10 zaidi ya urefu wa fisha, halafu toa vumbi lote kwa pampu ya baiskeli au mrija. Fisha inayozunguka wakati wa kukaza ni vumbi mara tisa kati ya kumi. Usiongeze kijiti cha kiberiti. Hama tundu.

Watu huogopa kuwa mzigo utang'oa skrubu. Hesabu inasema vingine. Kilo 60 zilizokaa sentimita 18 kutoka ukutani, na umbali wa sentimita 65 kutoka skrubu za juu hadi ukingo wa chini wa kabati, zinavuta skrubu za juu nje kwa nguvu kama ya kilo 17 tu, zikigawanywa kwa skrubu zote. Uzito wenyewe wa kilo 60 unashuka chini kando ya ukuta. Kwa hiyo makabati mengi yanayoanguka yameachwa na hadibodi, fisha ya kwenye plasta, au tofali la mchanga.

Mbao mbili za mshazari

Hii ndiyo namna tunayoipendekeza kuliko zote. Chukua mbao ya inchi 1 kwa 6, iliyonyooka, ya mninga au ya paini iliyotiwa dawa. Mpe mwenye mashine aipasue katikati kwa urefu, msumeno ukiwa umelala nyuzi 45. Unapata vipande viwili vyenye kingo za mshazari zinazodakana. Kimoja kinafungwa ukutani, ncha kali ikiwa juu na mbali na ukuta. Cha pili kinafungwa mgongoni mwa kabati, ncha kali ikitazama chini. Kabati linanyanyuliwa, linashushwa, linajidaka lenyewe, na kadiri linavyobeba ndivyo linavyojibana ukutani.

Kipande cha kabati kisishike hadibodi peke yake. Ndani, chini ya ubao wa juu, weka mbao ya inchi 1 kwa 3 kutoka ubavu hadi ubavu, gundi na skrubu mbili za milimita 50 kila upande, nyingine tatu kutoka juu. Kisha skrubu tano au sita za milimita 40 kutoka ndani zipite mbao hiyo, hadibodi, na kuingia kwenye kipande cha nje. Makabati mengine mgongo umezama sentimita moja na nusu au mbili ndani ya mbavu. Jaza kwanza uwazi huo kwa plaiwudi ili kipande cha mshazari kitokeze chote nje, na urefushe skrubu kwa unene wa plaiwudi hiyo.

Chini ya mgongo pigilia mbao ya unene uleule, la sivyo kabati litalala kuelekea ukutani. Matokeo yake ni nafasi ya sentimita 2 nyuma ya kabati, na kwa mji huu nafasi hiyo ina thamani yake. Mchwa hupanda ukuta kwa njia zao za udongo. Kabati lililogandamana na ukuta linawaficha mpaka wameshaingia. Penye uwazi unamulika tochi mara moja kwa mwezi na kuona.

Makabati matatu ya sentimita 80 yanahitaji mbao ya ukutani ya mita 2.4 na mashikio manane, moja kila sentimita 30 hivi. Weka la katikati, lisawazishe kwa pimamaji, kaza, ndipo uende pembeni. Wakati wa kunyanyua mtu mmoja ashike na mwega wa 2×2 wa mita 1.57 usaidie chini, milango ikiwa imetolewa. Yakishakaa, yaunganishe mbavu kwa mbavu kwa skrubu za milimita 30, mbili mbele na mbili nyuma. Ndefu zaidi zitatokea upande wa pili. Mwisho pitisha skrubu moja kwenye ile mbao ya chini hadi ukutani. Dodoma ni ukanda wa matetemeko, na kabati lililoning'inia bila kufungwa chini linaweza kuruka kwenye mshazari wake.

Ukuta ukikataa kabisa, acha kulazimisha. Simamisha nguzo mbili za 2×4 zilizotiwa dawa juu ya vitofali, kabati likae juu yake, ukuta ubaki na kazi ya kulizuia lisianguke mbele.

Alama

Chipbodi: 7 kati ya 10 likiwa kavu na lenye pembe nzima. Shelfu ya upana wa 80 hupinda ikikaa na kilo 25 muda mrefu, na joto la bati linaharakisha; funga mbao ya 2×1 chini ya ukingo wake wa mbele. Safisha kivulini, jua la hapa linabandua melamini. Kwenye safari, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinatosha: mgongo chini, milango pembeni.

Mbao ngumu: 9, ukilipata. Lililotoka Pwani litakauka zaidi hapa na viungo kulegea, hivyo liache ndani wiki tatu kabla ya kukaza na kurudisha milango. Ni zito, ongeza mashikio mawili.

Chuma la ofisini: 3 kwa kutundika, 8 kwa kusimama. Lile refu la milango miwili lina uzito wa kutosha kuvunja mgongo wa fundi. Minadani linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo, hivyo kagua funguo na kutu ya chini kabla ya kupandisha mkono. (Na ukielekezwa "Mtumba", ambalo pia ni jina la eneo hapa Dodoma, uliza vizuri, usije ukafika Mji wa Serikali ukiulizia samani.) Lifunge juu kwa skrubu moja ukutani lisipinduke milango au droo zikivutwa.

Petroli, thina na mtungi wa gesi visiingie kwenye lolote kati ya haya. Gereji ya bati mwezi wa Novemba ni tanuri, na kabati lililofungwa linakusanya mvuke. Viwe chini, penye hewa, mbali na betri inayochajiwa.