Vikuba vya Mkadi vya Kibokoni

Kibanda ninachokizungumzia hakina jina wala bango. Ni meza ya mbao iliyowekwa barazani katika kichochoro kimoja cha Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambapo mama mmoja wa makamo huuza asumini, rehani, mawaridi na, mkadi unapopatikana, vikuba vya mkadi, yaani vishada vidogo vya majani na maua ya kunukia vya kujipambia. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyostahili kuandikiwa, kwa kuwa asumini hupatikana kwa wauzaji wengi mtaani, ilhali mkadi safi hauonekani kila siku.

Mkadi ni mti mfupi wa jamii ya Pandanus, unaostawi kwenye mchanga wa pwani na kwenye ardhi ya majimaji, ukijishikiza kwa mizizi inayoteremka kutoka shinani kama mikongojo. Aina moja, Pandanus rabaiensis, imepewa jina la Rabai, ambako si mbali na hapa. Mti wa kiume na wa kike ni mbalimbali: wa kike huzaa tunda linaloshabihi nanasi, na wa kiume ndio unaotoa shada refu lililofunikwa kwa majani laini, meupe, yenye harufu kali. Kwa hiyo anayetaka kuupanda uani kwa ajili ya manukato na aulize kwanza mche umetoka kwenye mti gani.

Mama huyu huyachana majani hayo meupe yakawa vipande vyembamba, akavipanga pamoja na vikonyo vya rehani na asumini zilizofumba, kisha akavifunga kwa uzi kwa namna ambayo kikuba hakifumuki hata kikibanwa kifuani kwa pini au kikichomekwa nyweleni usiku kucha. Kazi ya mikono yake sina la kuitoa kasoro. Harufu ya mkadi ni nzito na tamu, na ikiachwa peke yake huweza kumlevya mtu katika chumba kidogo. Rehani ndiyo inayoichangamsha, na yeye anajua kiasi chake.

Ninalolilalamikia ni mafuta ya waridi. Kila kikuba hutiwa tone kabla ya kukabidhiwa mteja, na tone hilo, ambalo pengine husaidia maua yaliyochoka, huufunika mkadi uliochumwa karibuni. Nilipomwomba asitie, alinijibu, “Haya mwanangu, lakini usije ukasema hakinukii,” na kikuba kile kilinukia vizuri zaidi ya vyote. Jambo la pili ni mfuko wa plastiki ambamo mashada mazima huhifadhiwa: hutoka jasho humo, na majani hugeuka hudhurungi kabla ya jioni. Kitambaa kibichi kingetosha.

Shada zima huuzwa pia, na kwa maoni yangu hilo ndilo lenye faida kubwa kwa mnunuzi. Likikung'utwa unga wake wa chavua, kisha likakaushwa kivulini na kuwekwa kati ya leso na nguo za kutokea sandukuni, huendelea kunukia muda mrefu baada ya kikuba kunyauka. Wapo wanaotegemea udi kwa nguo, nami siupingi, ila udi huleta moshi na mkadi hauna taabu hiyo.

Wengine watauliza kwa nini wasinunue maji ya keora madukani, ambayo nayo hutokana na mkadi wa India, hasa wa wilaya ya Ganjam katika jimbo la Odisha, ambako maua ya kiume huvukizwa ili kupata manukato. Keora ni nzuri kwenye biriani na halua. Mwilini, hata hivyo, harufu yake haina ule ukijani wa ua lililochumwa, na haidumu.

Kikuba kidogo nilikilipia shilingi 50. Shada zima bei yake ni ya mapatano, tena hupanda msimu wa harusi. Ni vyema kufika baada ya alasiri, wakati vikuba vinapofungwa, na asiyetaka mafuta aseme mapema. Mwenye shughuli ya bibi harusi na aagize siku kadhaa kabla, maana mama huyo hakubali oda ya asubuhi kwa jioni, na akikataa habembelezeki.