Kiropraktiki alivyonisaidia mgongo wangu wa dereva, hapa Lubumbashi

Ninaendesha lori kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingine mpaka Kolwezi, na huu ni mwaka wa 19. Maumivu ya kiuno nilishayazoea. Mwaka jana yakashuka: tako la kulia, nyuma ya paja, ubavu wa mguu, hadi kidole gumba. Nikikohoa, ni kama nimeguswa na waya wa umeme. Foleni ya mpakani ikinikalisha ndani ya kabini siku nzima, sishuki bila kushikwa mkono.

Kwanza nilienda kwa mzee mmoja wa kukanda. Alinilaza kifudifudi akapanda mgongoni kwa miguu. Usiku ule sikulala. Baadaye nikanunua mkanda wa kiuno kwenye soko la komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, nikaufunga miezi mitatu bila nafuu.

Mwenzangu wa barabarani ndiye aliyenielekeza kwa kiropraktiki huyu, yaani mtaalamu wa kutibu mgongo na viungo kwa mikono. Amesomea Johannesburg, ambako kazi hii inafundishwa chuo kikuu, na amepanga chumba hapa mjini. Nilitegemea kualishwa mifupa palepale kama kwenye video. Siku ya kwanza hakunigusa mgongo kabisa.

Aliniuliza maswali karibu nusu saa. Papa, mkojo unaushika vizuri? Ukijipangusa chooni unahisi, au kuna ganzi? (Mwenye dalili hizo, alisema, asije kwake, aende hospitali usiku huohuo.) Una homa? Jasho la usiku? Umekonda? Kweli nilikuwa nimekonda, na kikohozi nilichodhani ni cha vumbi kilikuwa hakijaniacha tangu kiangazi. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kula pingili, na kwamba ukiusukuma mgongo wa namna hiyo unaweza kumpoozesha mtu. Akanituma nipime makohozi na kupiga radio (picha ya eksirei). Siku ile niliondoka na hasira. Majibu yalitoka safi, lakini hadi leo hicho ndicho ninachomshukuru zaidi. Yule mzee alikuwa amenipanda bila kuniuliza hata neno moja.

Niliporudi alinilaza chali, akauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Haukufika mbali, moto ukateremka mpaka kidoleni. Kisha akashika kidole gumba cha mguu: "Papa, kivute juu, mimi ninakizuia." Cha kushoto kilimpa kazi. Cha kulia alikilaza kwa kidole chake kimoja. Nilishtuka, maana sikujua kuwa kimelegea. Akachukua mfano wa uti wa mgongo akanionyesha zile pingili tano za kiuno: diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano, ilikuwa imetokeza na kuibana neva inayoinua kidole hicho.

Kwa sababu ya ulegevu huo hakutumia nguvu. Aliniviringisha ubavuni, akauchezesha mgongo polepole, na kila mara alipima kidole kwanza. Kingezidi kulegea, angenipeleka kwa daktari wa upasuaji. Ziara ya nne ndipo aliposukuma sehemu ya juu ya mgongo, pakalia "ko!" Nikadhani pingili imerudi mahali pake. Hapana, akasema, ni gesi inayotengeneza povu ndani ya majimaji ya kiungo. Shingo alikataa kuigusa, ingawa niliomba. Haikuwa na shida, na kuizungusha kwa nguvu kumewahi kuchana mshipa wa damu unaokwenda ubongoni, japo ni nadra.

Mkanda alinivua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, halishauri mikanda. Linashauri mazoezi, elimu, na hata matibabu ya mikono kama haya. Kila asubuhi ninalala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, mara kumi. Kwenye foleni ninashuka kila saa, uso ukiangalia kabini, nazunguka lori. Na nikitoka kukaa muda mrefu sinyanyui mzigo papo hapo.

Nilimwomba amshughulikie na mama watoto, ana presha. Alikataa. Daniel David Palmer, aliyeanzisha kazi hii Marekani mwaka 1895, alidai karibu magonjwa yote hutoka kwenye pingili zilizohama. Kiropraktiki wangu hayaamini hayo. Mama watoto aendelee na vidonge vyake.

Ziara sita, dola 25 kila moja, ndani ya miezi miwili. Mguu hauwaki tena na kidole kimepata nguvu, ila ganzi kidogo imebaki upande wa juu wa unyayo. Yeye mwenyewe aliniambia diski nyingi hupoa zenyewe kwa wiki au miezi, kwa hiyo siwezi kusema ni mikono yake peke yake.

Kasoro moja: chumba kiko ghorofa ya pili, na ngazi hazina pa kushika. Ukienda mara ya kwanza ukiwa na maumivu kama yangu, nenda na mtu wa kukushika mkono.