Mafunzo ya dram meja hapa Tanga: yanalipa, ila muulize habari ya fimbo kabla hamjalipa

Wengi mmeniuliza kuhusu yale mafunzo ya Jumamosi pale Ngamiani ya dram meja, yani yule anayetembea mbele ya bendi na fimbo kubwa akiiongoza, basi naandika hapa mara moja tusichoshane. Bendi ya shule yetu mi ndo mlezi, nilipeleka vijana wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, wamemaliza, na nilikuwa nakaa pale pembeni kivulini naangalia mwanzo mwisho. Nawapa nyota nne kati ya tano na sioni tabu kusema ni mafunzo mazuri kuliko nilivyotegemea.

Kwanza mwalimu mwenyewe. Ni mstaafu, kapiga bendi ya jeshi miaka mingi, wote pale wanamwita afande na yeye anawaita wanangu, hagombi ovyo lakini ukichelewa unasimama nje ya mstari mpaka akuite. Watoto walikuja na mawazo ya kurusha fimbo hewani kama wanavyoona kwenye simu, yeye akawaambia kabisa siku ya kwanza, "Fimbo mtaishika mkishajua kutembea," na kweli fimbo hawakuigusa mpaka kozi imefika katikati. Kuna mzazi mmoja alinung'unika kwamba hela inaliwa bure mtoto anatembeatembea tu. Mi hapo nilikuwa upande wa afande. Kurusha fimbo ni pambo, kazi ya dram meja ni mwendo, bendi nzima inategemea mguu wake, akikimbia wote wanakimbia na wapiga tarumbeta wanaishiwa pumzi kabla wimbo haujafika nusu.

Na namna anavyofundisha huo mwendo ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Mwendo wa haraka wa gwaride ni kama hatua 120 kwa dakika, yani hatua mbili kila sekunde. Anaweka kwenye simu programu ya kugonga mapigo, mtoto anaanza kutembea goli hadi goli, baada ya muda afande anazima sauti, mapigo yanaendelea ndani ya simu ila hayasikiki, halafu anaanza kumsemesha mtoto njiani, leo mmekula nini nyumbani, baba yako anafanya kazi wapi, na mtoto anatakiwa ajibu huku anatembea. Wakikaribia goli la pili anafungulia sauti ghafla. Kama mguu wa kushoto unatua sawasawa na pigo la simu, umefaulu. Wengi wa mwanzo walikuwa wametangulia mbali maana mtu akisemeshwa anaharakisha bila kujijua. Yule binti yangu, hatua za kwanza alikuwa anakimbia kama wenzie, ila Jumamosi za mwisho mguu wake ulikuwa unatua palepale na anajibu maswali vizuri tu, shikamoo afande, marahaba, wali na maharage afande, bila kupepesa. Wallahi nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Somo la pili ni ishara. Hapa ndo watu wengi hawajui kwanini dram meja anahitajika wakati ngoma ya besi inasikika mpaka Chumbageni. Afande alieleza hivi na nikaona ni kweli: sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, sasa bendi ikiwa ndefu, kutoka mbele mpaka nyuma tuseme mita thelathini, aliye mwisho anasikia mapigo yamechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa hatua mbili kwa sekunde hiyo ni moja ya tano ya hatua, na inatosha kabisa kuharibu, miguu ya nyuma inaonekana inaburuzwa. Macho hayacheleweshwi. Ndo maana fimbo inanyanyuliwa juu, na ndo maana ina kichwa kikubwa cha chuma kinachong'aa na urefu wake unakaribia mita moja na nusu, ionekane na mtu wa mstari wa mwisho aliyezibwa na matromboni.

Basi wakafundishwa ishara za kuanza kutembea, kukanyaga papo hapo, kukata kona, kugeuza bendi ikarudi ilikotoka kwa kupita katikati ya mistari yake yenyewe, na kusimamisha muziki. Hiyo ya kusimamisha muziki ni ya watu wawili, dram meja anatoa ishara na mpiga besi anajibu kwa mapigo mawili mawili ya haraka, wote wanajua wimbo unaishia mwisho wa mstari ule wa muziki. Mfumo huu ni wa bendi za jeshi za Kiingereza na ndo tuliourithi huku. Ila alisisitiza kila bendi ikubaliane ishara zake, ukienda kuongoza bendi ngeni kaa nao kwanza. Kona nayo waliirudia sana, wa ndani anafupisha hatua wa nje anarefusha na mstari haupindi, walifanya mpaka jua la saa nne likawa kali na hakuna aliyeomba kupumzika.

Mi naona fahari kwamba mambo haya yanafundishwa pwani hii. Beni, ile ngoma ya kuiga bendi za jeshi, ilichezwa huku toka enzi za Mjerumani, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare, vyeo na kwata za kuiga jeshi, kwa hiyo mtu asiniambie mambo ya kuongoza bendi barabarani ni mageni kwetu.

Sasa ile nyota niliyoinyima. Fimbo hazikutosha hata kidogo, kundi zima na fimbo za kweli mbili tu, wengine wakapewa mipini ya mifagio. Mpini wa mfagio hauna uzito wa kichwani, na mtu aliyezoea mpini akipewa fimbo halisi mkono unamuangusha. Kijana wangu ilimtokea, siku anapewa ya kweli ilimponyoka mara mbili, na siyo kosa lake. Kwenye tangazo waliandika vifaa vyote vipo. Hilo siyo sawa, watu wametoa elfu hamsini na wengine wanatoka Pongwe kwa nauli.

Halafu hawajawahi kuongoza bendi kamili, walikuwa na ngoma ndogo mbili na besi moja basi. Afande anajitahidi kuimba mwenyewe sehemu za tarumbeta lakini siyo sawa na kusimama mbele ya watu thelathini wanapuliza. Na kuongoza kwa mikono hawakugusa kabisa. Wenzetu Marekani dram meja wa uwanjani anapanda jukwaani na kuongoza muziki kwa mikono miwili, mapigo ya mbili, ya tatu na ya nne kufuata wimbo unavyohesabiwa, na wana kambi maalum za kiangazi za kufundisha hayo, ile ya George Parks imeanza toka 1978. Sisemi tuige kila kitu, bendi zetu zinatembea barabarani hazichori maumbo uwanjani, lakini bendi ikisimama mbele ya mgeni rasmi kupiga wimbo mtu lazima aiongoze, na mapigo ya tatu mtoto aliyejua kutembea tu hayawezi. Wakiongeza Jumamosi mbili za hilo mi nalipa tena bila kuuliza.

Kuhusu wasichana, maana kuna walimu wameniuliza faragha: hakuna ubaguzi pale, binti alipewa kuongoza sawa na wavulana na sauti yake ndo ilikuwa inafika mbali kuliko wote. Afande anawafundisha kutoa amri kutoka tumboni, "mbele" inavutwa ndefu, "tembea" inakatwa fupi, ukikazania koo unapoteza sauti siku hiyohiyo.

Kama unapeleka mtoto, peleka ambaye tayari anapiga chombo, hasa ngoma. Asiyejua wimbo unaishia wapi atapata tabu kwenye ishara za kusimamisha, niliona wawili wa shule nyingine wanahangaika mpaka mwisho. Piga simu kabla ulizia fimbo ziko ngapi na kundi lina watu wangapi, na kama shule yenu ina fimbo yake mpe mtoto aje nayo. Viatu viwe vigumu vya kufunga kamba, ndala na raba laini anawarudisha. Wanaanza saa moja kamili asubuhi, na maji ya kunywa hakuna pale, abebe yake.